Mombasa, Pemba na Tanga ziko angani, Shishiyu je?

Kuanzia mwezi wa sita, anga ya Shishiyu husafishika. Mvua zimekatika, pamba inapimwa kwenye maghala ya vyama vya msingi, na mkulima aliyecheleweshwa na foleni ya mizani hurudi nyumbani chini ya nyota ambazo mtu wa Dar es Salaam hajaziona tangu umeme ulipokatika mara ya mwisho. Njia Nyeupe imelala kutoka upeo huu hadi upeo ule. Upande wa kusini Nge amepanda juu, mkia wake umejikunja, na Mshale anamfuata nyuma.

Sehemu hiyohiyo ya anga, katika miezi hiyohiyo, ilikuwa ikipigwa picha usiku baada ya usiku huko Johannesburg katika miaka ya 1930. Picha hizo ndizo zilizoleta jiwe la angani liitwalo Mombasa. Zikaleta Pemba, Tanga, Ruvuma, Kenya, Uganda, Nyanza na Tana. Sisemi kwa mafumbo. Ni asteroidi halisi, zinalizunguka Jua usiku huu msomaji unaposoma gazeti hili, na kila moja ina namba yake katika orodha rasmi ya dunia: 1278 Kenya, 1279 Uganda, 1356 Nyanza, 1427 Ruvuma, 1428 Mombasa, 1429 Pemba, 1595 Tanga, 1641 Tana.

Shishiyu haimo. Swali la makala haya ni jina la mahali hufikaje huko, na kama kata moja ya wilaya ya Maswa, mkoani Simiyu, ina njia ya kufika.

Tuanze na aliyeyapeleka hayo yaliyokwisha kufika. Cyril Jackson alizaliwa Uingereza mwaka 1903 na kupelekwa Afrika Kusini angali mtoto. Mwaka 1928 aliajiriwa na Union Observatory, kituo cha serikali cha kuchunguza anga mjini Johannesburg. Kituo chenyewe kilikuwa na sifa zake: ni hapo, mwaka 1915, Robert Innes alipoitambua Proxima Centauri, nyota iliyo karibu nasi kuliko nyingine zote ukiliacha Jua. Jackson hakuwa mtu wa nyota za mbali. Yeye alijikita kwenye vitu vidogo vinavyotembea, na hadi anastaafu alikuwa amegundua asteroidi 72 na kushiriki kugundua nyotamkia tatu.

Asteroidi ni miamba iliyobaki wakati sayari zilipokuwa zikiumbika, yapata miaka bilioni 4.6 iliyopita. Nyingi zimejaa kwenye ukanda mpana kati ya Mirihi na Mshtarii, ambao wanasayansi wanauita ukanda mkuu. Ya kwanza kuonekana ilikuwa Ceres, usiku wa Januari 1, 1801, na aliyeiona ni padri Giuseppe Piazzi wa Palermo, Italia. Ceres ina upana wa kilomita 940 hivi, nayo ndiyo kubwa kuliko zote. Zilizobaki ni ndogo, nyingine zina ukubwa wa wilaya, nyingine wa uwanja wa mpira. Mombasa ya angani inakadiriwa kuwa na upana wa kilomita 50 hivi, yaani kisiwa cha Mombasa chenyewe, na daraja la Nyali na kivuko cha Likoni, kingeweza kupangwa juu yake mara nyingi. Huchukua karibu miaka mitano kulizunguka Jua mara moja.

Kwa nini Johannesburg, na si London au Berlin zilizokuwa na fedha na darubini kubwa kuliko hiyo? Asteroidi huonekana vizuri Dunia inapokuwa katikati yake na Jua. Wakati huo huchomoza Jua linapozama, na hufika juu kabisa usiku wa manane. Mwezi Juni na Julai, eneo la anga lililo mkabala na Jua liko kusini, kwenye makundi ya Nge na Mshale. Mtu wa Ulaya hulikuta eneo hilo limelala karibu na upeo, ndani ya ukungu wa moshi, tena usiku wake ni mfupi kupindukia. Mtu wa Johannesburg hulikuta karibu na utosi, usiku ni mrefu, na hewa ni kavu ya kipupwe.

Zitazame tarehe. Tanga ilionekana Juni 19, 1930. Kenya na Uganda zilinaswa usiku mmoja, Juni 15, 1933. Nyanza ni Mei 3, 1935, na Tana ni Julai 25 ya mwaka huohuo. Ruvuma ni Mei 16, 1937, Pemba Julai 2, 1937, na Mombasa siku tatu baadaye, Julai 5, usiku uleule ilipoonekana Somalia. Ethiopia ikafuata Agosti mosi. Hakuna hata moja ya msimu wa mvua wa Johannesburg. Jackson alivuna wakati wa kiangazi, kama wakulima wa Maswa, na anga aliyoivuna ndiyo hii inayopita juu ya Shishiyu, ambayo iko kusini kidogo tu mwa Ikweta.

Namna alivyovuna inastahili kuangaliwa kwa karibu, maana watu wengi hudhani mgunduzi huweka jicho kwenye darubini, akashtuka, akapiga kelele. Haikuwa hivyo. Kituo kilikuwa na kamera kubwa ya Franklin-Adams, yenye lenzi ya upana wa sentimita 25, iliyochukua picha kwenye bamba la kioo lililopakwa dawa. Kioo kiliachwa wazi kwa muda mrefu huku mtambo ukiifuata anga taratibu ili nyota zisivutike. Kioo kikisafishwa, nyota huonekana kama vitone vyeusi juu ya weupe, maelfu kwa maelfu. Usiku mwingine picha ya eneo lilelile hurudiwa.

Kisha huja kazi ya mchana. Vioo viwili huwekwa kwenye hadubini ya pekee ambayo humwonyesha mtazamaji kioo cha kwanza, cha pili, cha kwanza, cha pili, kwa kupokezana haraka. Nyota zote hutulia mahali pamoja kwa sababu hazijahama. Kitone kimoja huruka: kikawa huku, kikawa kule, huku, kule. Hicho ndicho asteroidi. Katika ukanda mkuu, asteroidi iliyo mkabala na Jua huhama kwa siku kiasi cha nusu ya upana wa mwezi mpevu. Ni mwendo mdogo, lakini kwenye kioo hauna ubishi. Shida ni kwamba doa la vumbi na kasoro ya dawa nazo hutokea kwenye kioo kimoja na kukosekana kwenye kingine, kwa hiyo mtu hukaa saa nyingi akipambanua kilichohama na kilichochafuka. Ni kazi ya macho na subira. Ndiyo maana sina haraka ya kuwaonea wivu wagunduzi.

Kitone kikishathibitika, hakipewi jina. Hupewa alama ya muda, na alama hiyo inasomeka ukiijua siri yake. Pemba ilikuwa 1937 NH, na Mombasa ilikuwa 1937 NO. Mwaka hukatwa katika nusu-miezi 24, kila nusu na herufi yake, huku herufi I ikirukwa ili isichanganywe na namba moja. N ni nusu ya kwanza ya Julai. Herufi ya pili ni mpangilio wa kuripotiwa ndani ya nusu hiyo: H ni ya nane, O ni ya 14. Kwa hiyo mtu akikuandikia 1937 NO, amekueleza kwamba ni kitu cha 14 kuripotiwa duniani katika wiki mbili za kwanza za Julai 1937. Wiki mbili, vitu 14! Leo mitambo huripoti maelfu katika muda kama huo, na ilibidi tarakimu ziongezwe baada ya herufi.

Namba ya kudumu ndiyo inayosumbua. Haitolewi mpaka njia ya jiwe kuzunguka Jua ijulikane sawasawa, kiasi kwamba mtu anaweza kusema mwaka fulani, usiku fulani, litakuwa pale, na likakutwa pale. Jiwe likionekana wiki moja kisha likapotea, ni kama halikuonekana. Linganisha Tanga na Mombasa. Tanga ilipigwa picha na Jackson pamoja na mkuu wake wa kituo, Harry Edwin Wood, mwaka 1930, miaka saba kabla ya Mombasa. Lakini Mombasa ni namba 1428 na Tanga ni 1595. Hata Pemba, iliyoonekana siku tatu kabla ya Mombasa, imewekwa nyuma yake kwa namba moja. Foleni hii haimjali aliyefika kwanza. Inamjali aliyekamilisha hesabu zake.

Jina huja mwisho kabisa, na mwenye haki ya kulipendekeza ni mgunduzi. Jackson alilitumia pendeleo hilo kama mtu aliyefungua ramani ya Afrika mezani. Alianza na bara zima, 1193 Africa, akaenda kwenye mito, miji, wafalme na wanyama: Limpopo, Zambesia, Luanda, Chaka, Impala. Ruvuma, mto wa mpaka wetu na Msumbiji, upo. Pemba ni kisiwa chetu, maana mji wa Pemba wa Msumbiji wakati ule ulikuwa ukiitwa Porto Amélia.

Kwa jicho la leo orodha hiyo ina harufu ya zama zake. Hakuna mtu wa Tanga aliyeulizwa. Kuna 1638 Ruanda, kwa tahajia ya wakoloni wa Kibelgiji. Kuna 1197 Rhodesia, na hapo ndipo pana jambo la kufikirisha: nchi yenyewe ilibadili jina ikawa Zimbabwe mwaka 1980, sanamu zikang'olewa, barabara zikapewa majina mapya, lakini jiwe lile bado ni Rhodesia na litaendelea kuwa Rhodesia. Jina la asteroidi likishapitishwa halifutwi kwa sababu ya siasa. Mimi naona ni afadhali hivyo. Orodha hiyo imekuwa kumbukumbu ya nani alikuwa na kamera mwaka gani, na kumbukumbu haisafishwi. Anayeona majina yaliyomo hayatoshi aongeze yake.

Na hapa inabidi turudi Maswa, kwa sababu wilaya hii ina habari ya anga ambayo nina hakika wakazi wake wengi hawajawahi kuambiwa.

Kila Mtanzania amesikia habari za kimondo cha Mbozi, lile pande la chuma la tani zipatazo 16 lililoko mkoani Songwe. Watoto wanalisoma darasani, watalii wanapiga nalo picha. Lakini mwaka 1930, mwezi Septemba, jiwe kutoka angani lilianguka Malampaka, katika wilaya hiihii ya Maswa ambayo Shishiyu ni kata yake. Malampaka ni stesheni kwenye reli ya Tabora hadi Mwanza, iliyokuwa imekamilika miaka miwili tu kabla, na njia ya reli ya SGR ya Isaka hadi Mwanza nayo inapita hapo. Kijiwe kilichookotwa kina uzito wa gramu 470 kwenye vitabu. Hakifiki hata nusu kilo ya sukari. Ukikiweka kwenye mizani ya pamba, sindano haitasogea. Lakini kimeandikwa kwenye orodha ya kimataifa ya vimondo kwa jina la Malampaka, na mtafiti wa Tokyo au Chicago akilitaja jina hilo anajua ni jiwe la kundi gani.

Kundi lake ni H, vimondo vya mawe vyenye chuma kingi. Kimondo cha aina hii kikiwa kipya huwa na gamba jeusi, jembamba, lililoungua kilipokuwa kikipasua hewa. Kikivunjwa, ndani ni kijivu kilichokolea, kina punje ndogo za mviringo na chembechembe za metali zinazometa, na sumaku hukikamata. Zile punje za mviringo ziliwahi kuwa matone ya mwamba ulioyeyuka, yakaganda yakielea, kabla Dunia haijawa Dunia.

Kilitoka wapi? Kwenye ukanda mkuu wa asteroidi. Kwa miaka mingi wanasayansi walimshuku 6 Hebe, asteroidi iliyogunduliwa mwaka 1847. Mwaka 2024 utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature ulielekeza kidole kwingine: kwamba vimondo vingi vya kundi H ni vipande vya migongano iliyotokea si zamani sana, ndani ya miaka milioni nane iliyopita, katika koo mbili za mawe ziitwazo Koronis2 na Karin. Mawe yaligongana, vipande vikatawanyika, vingine vikasukumwa polepole kwenye njia ambazo mvuto wa Mshtarii huzivuruga, vikaacha ukanda na kuvuka njia ya Dunia. Kimoja, kwa hesabu hiyo, huenda ndicho kilichoishia jirani na reli ya Malampaka. Karin ni jina la malkia wa Sweden wa karne ya 16. Aliyeligundua jiwe lenye jina hilo, mwaka 1916, ni Mjerumani Max Wolf.

Malampaka si peke yake. Oktoba 1899 kimondo kilianguka Peramiho, mkoani Ruvuma, na aina yake ni ile ambayo wataalamu wanaihusisha na Vesta, asteroidi ya nne kugunduliwa, iliyozungukwa na kupigwa picha na chombo cha Dawn cha Marekani mwaka 2011 na 2012. Vesta ndiyo asteroidi pekee ya ukanda mkuu ambayo mtu mwenye macho makali, mahali penye giza kama Shishiyu, anaweza kuiona bila kifaa inapokuwa karibu.

Lakini mfalme wa vimondo vyetu, kwa maoni yangu, ni Ivuna, na si Mbozi. Kilianguka Desemba 16, 1938, upande wa Ziwa Rukwa, katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Momba mkoani Songwe. Kilichookotwa ni gramu 705. Mawe ya aina yake ni haba mno duniani, na ndiyo yanayokaribiana zaidi na mchanganyiko wa awali wa mfumo wetu wa Jua, kiasi kwamba kundi zima lilipewa herufi CI, na hiyo I ni Ivuna. Desemba 2020 chombo cha Japani, Hayabusa2, kilileta gramu 5.4 za udongo kutoka asteroidi Ryugu. Wajapani walipouchambua waligundua kwamba kitu duniani kinachofanana nao kuliko vyote ni mawe ya kundi la Ivuna. Walitumia miaka sita kwenda na kurudi. Songwe jiwe lilikuja lenyewe.

Sasa tofauti ni hii. Kimondo hupewa jina la mahali kilipoangukia, au mji wa karibu. Ndiyo kanuni. Malampaka haikuomba, haikushindana, haikujaza fomu. Jiwe lilidondoka na jina likaenda nalo. Asteroidi haiko hivyo. Haidondokei mtu. Jina lake hutoka kwa aliyeitafuta.

Na aliyeitafuta hakuwa profesa kila mara. Yule 6 Hebe niliyemtaja aligunduliwa na Karl Ludwig Hencke, karani wa posta aliyestaafu katika mji mdogo wa Driesen, ambao sasa uko Poland. Asteroidi nne zilikuwa zimejulikana mpaka mwaka 1807, kisha wenye vyuo vyao wakaona zimekwisha. Hencke, kwa darubini yake ya nyumbani na ramani za nyota alizozichora kwa mkono, alianza kutafuta mwaka 1830. Desemba 8, 1845, baada ya miaka 15, akaipata Astraea, ya tano. Julai 1, 1847 akaipata Hebe, na heshima ya kuchagua jina akamwachia mwanahisabati Carl Friedrich Gauss. Tangu hapo mlango ulifunguka na haujafungwa: leo asteroidi zenye namba ni zaidi ya 700,000, na zenye majina hazifiki hata sehemu moja ya kumi ya hizo.

Nafasi za majina, kwa hiyo, zipo tele. Kanuni nazo si ngumu. Majina hupitishwa na kamati ya Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia, wenye makao yake Paris. Jina lisizidi herufi 16 pamoja na nafasi, vema liwe neno moja, litamkike, lisitukane mtu, lisifanane mno na lililokwishatumika. Majina ya biashara hayakubaliki. Majina ya wanyama wa kufugwa yanakatishwa tamaa. Mwanasiasa au mwanajeshi hukubaliwa tu baada ya miaka 100 kupita tangu afe, kanuni ambayo naipendekeza kwa moyo mkunjufu kwa wanaogawa majina ya barabara zetu. Mgunduzi ana miaka kumi tangu jiwe lipewe namba kuleta pendekezo. Na jina haliuzwi. Wale wa mtandaoni wanaokuuzia cheti cha nyota yenye jina la mchumba wako wanakuuzia karatasi.

Shishiyu ina herufi nane. Inatamkika, haimtukani mtu. Kwa kanuni, hakuna kinachoizuia.

Kinachokosekana ni mgunduzi. Na hapo pia hali si ya kukata tamaa kama inavyodhaniwa, kwa sababu siku hizi kioo cha Johannesburg kimegeuka faili la kompyuta. Tangu mwaka 2006 upo mradi uitwao International Astronomical Search Collaboration, unaoendeshwa kutoka Chuo Kikuu cha Hardin-Simmons, Texas, ambao huzigawia timu za wanafunzi na watu wa kawaida picha halisi za darubini za Pan-STARRS zilizoko Hawaii. Ni bure. Timu hupokea seti za picha nne za eneo moja zilizopigwa kwa kupishana dakika chache, huzifungua kwenye programu, na kuzipokezanisha kwenye skrini. Ni kazi ileile ya Jackson. Nyota zimetulia. Kelele za kamera zinamweka ovyo, mara hapa mara pale. Ukiona kidoa hafifu kinachopiga hatua nne zilizo sawa, kwa mstari ulionyooka, unakibofya, unaandika vipimo, unatuma ripoti. Timu za Afrika zimekuwa zikishiriki, na ziko kampeni zilizoandaliwa kwa ajili ya bara letu.

Nisiwapake watu mafuta kwa mgongo wa chupa. Kati ya vidoa vinavyoripotiwa, vingi huwa ni asteroidi zilizokwishajulikana, na vingine si kitu. Kilicho kipya kweli hukaa miaka sita, nane, hata kumi kikisubiri njia yake ikamilike kabla ya kupewa namba; mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuwa na watoto wake jina linapopita. Tena ushindani umekuwa mkali. Juni 2025 kituo kipya cha Vera C. Rubin nchini Chile kilitangaza asteroidi 2,104 zilizokuwa hazijulikani, na zote zilitoka kwenye picha za saa kama kumi tu. Mtambo huo utazoa mamilioni. Anayetaka makombo awahi.

Hayo yakijumlishwa, bado nasema inafaa. Shule ya sekondari ya kata iliyo na umeme, kompyuta mbili zinazofanya kazi na bando la kupakua picha ina vifaa kuliko Hencke. Maswa ni wilaya iliyojitangaza kwa kutengeneza chaki. Haitakuwa ajabu ikijitangaza pia kwa kilichoandikwa kwa chaki hizo. Mwanafunzi atakayekaa mwezi mmoja akipima mahali pa kidoa kwa usahihi atajua takwimu, makosa ya vipimo na kuandika ripoti kwa Kiingereza cha kazi, hata kama hatapata jiwe. Walimu wanaotaka pa kuanzia wamekuwa wakielimishwa na watu kama Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambaye kwa miaka mingi amewaeleza Watanzania habari za anga kwa lugha yao.

Kuna jambo la karibu zaidi ambalo halihitaji intaneti. Kibao. Malampaka haina kibao kinachostahili habari yake, ilhali Mbozi ina uzio, mlinzi na kiingilio. Halmashauri ya Maswa ikiweka kibao stesheni, chenye mistari minne tu, mwaka 1930, gramu 470, kundi H, ukanda mkuu wa asteroidi, abiria wa SGR atakisoma akisubiri treni, na mtoto wa Shishiyu atakayefika hapo kupanda treni ya Mwanza atajua kwamba wilaya yake imo kwenye orodha moja tayari.

Walimu wa sayansi wa Maswa na Bariadi: kusajili timu ya kutafuta asteroidi hakuna ada, na kampeni moja huchukua takriban mwezi. Unganisheni wanafunzi wachache wenye subira, mmoja awe mzuri wa hesabu, na mwombe nafasi katika kampeni ijayo. Jina la kupendekeza mnalo.